Injini nzima hainywi maji: mfumo wa kupoza unavyofanya kazi na namna ya kuukagua mwenyewe

Kuna kitu nilikifanya kwa miezi kadhaa na najua wengi mnakifanya mpaka leo, unaamka asubuhi unafungua boneti unachukua chupa ya maji unajazia rejeta unafunga unaondoka, kesho tena, keshokutwa tena, kama mtu anamwagilia maua. Nilimuuliza fundi akanijibu gari ikizeeka ndo zake, inakunywa maji. Nikaridhika maana ndo jibu nililotaka kusikia. Sasa siku moja nina mzigo nyuma napanda mlima, jicho linashuka kwenye dashibodi nakuta mshale uko juu kabisa, na kabla sijapata pa kuegesha mvuke umeshajaa mbele ya kioo. Hedi (kile kifuniko kizito cha chuma juu ya silinda) ilikuwa imepinda, gasketi inayoziba kati yake na injini imeungua, na nikakaa bila gari kwa muda wa kutosha kujifunza haya ninayoandika hapa.

Kikubwa nilichokuja kuelewa ni kwamba mfumo wa kupoza injini ni mzunguko uliofungwa. Maji yanayoingia humo hayatumiki kama petroli, hayapungui kwa sababu gari imefanya kazi sana. Injini nzima unaweza kukaa nayo mwaka na zaidi hujaongeza hata kikombe. Kwa hiyo yakipungua yameenda mahali, na pa kwenda ni patatu tu: yamemwagika nje, yameingia kwenye silinda yakachomwa na mafuta, au yameingia kwenye oili. Ukishika hilo tu, nusu ya ufundi wa kupoza injini unao.

Tuanze na moto wenyewe. Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, gesi inafika nyuzi joto zaidi ya 2000 kwa kitambo kidogo sana, halafu pistoni iliyoko hapohapo ni ya alumini na alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660. Mbona haiyeyuki? Kwa sababu kila mlipuko unapoisha kuna joto linachotwa haraka kupitia kuta za silinda na hedi kabla chuma hakijafika pabaya. Kwa hesabu ya jumla nguvu iliyomo kwenye petroli inagawanyika mafungu matatu yasiyopishana sana, moja linasukuma gari, moja linatokea ekzosti (bomba la moshi), na moja linabebwa na maji kwenda rejeta. Yani rejeta yako inatupa nje joto linalokaribia nguvu ile ile inayozungusha magurudumu, ndo maana mzunguko ukisimama dakika chache tu zinatosha kuua injini.

Lakini hapa watu wengi tunakosea. Kazi ya mfumo huu sio kuifanya injini iwe baridi. Kazi yake ni kuishikilia kwenye joto moja, gari nyingi ni kati ya nyuzi 85 na 105 hivi. Injini ya baridi ni injini mbaya, oili inakuwa nzito haifiki vizuri kwenye kona za juu, mafuta hayageuki mvuke sawasawa kwa hiyo kompyuta inaongeza mengine na unakula petroli, unyevu nao unabaki ndani ya oili badala ya kukauka. Chuma kinasagika sana zile dakika za mwanzo.

Sasa yafuate maji. Wota pampu inayasukuma yaingie kwenye bloku (mwili wa injini wenye silinda), yanazunguka nje ya silinda, yanapanda kwenye hedi ambako ndo kwenye joto kali zaidi kwa sababu vali za ekzosti ziko huko, halafu yanafika kwenye themostati, mlango unaojifungua kwa joto. Ikiwa imefunga, yanapita njia ya mkato yanarudi kwenye pampu bila kugusa rejeta, ndo maana injini inapasha haraka. Ikifungua, yanapita mpira wa juu yanaingia rejeta, yanashuka au yanavuka kwenye vijibomba bapa vilivyozungukwa na vipezi vyembamba, upepo unachukua joto, yanatoka kwa mpira wa chini yakiwa yamepoa na kurudi kwenye pampu. Pembeni kuna tawi linaenda kwenye hita ya ndani ya gari, ambayo ni rejeta ndogo tu iliyofichwa chini ya dashibodi, ikumbuke hiyo maana itakuja kukuokoa barabarani. Kuna gari themostati imewekwa upande wa mpira wa chini lakini wazo ni lile lile.

Themostati ni kifaa nakipenda sana maana hakina umeme, hakina kompyuta (kwenye gari nyingi, mpya kiasi baadhi zimetiwa umeme), ni kikopo kidogo cha shaba kimejazwa nta. Nta ikifika joto fulani inayeyuka, ikiyeyuka inavimba, ikivimba inasukuma kijiti, kijiti kinafungua mlango. Ikipoa springi inaurudisha. Hilo joto limeandikwa kwenye chuma chenyewe, utaona 82 au 88 au namba za jirani na hizo, hapo ndo inaanza kufungua, na inamaliza kufungua nyuzi kama kumi na kitu mbele yake.

Kuipima hauhitaji gereji. Itoe injini ikiwa ya baridi, kwanza itazame mkononi, kama ina mwanya wakati imepoa hiyo imekwama wazi, tupa. Kama imefunga, chukua sufuria ya zamani ambayo hutaipikia tena, weka maji, ning'iniza themostati kwa uzi isiguse kitako cha sufuria, washa moto. Ukiwa na kipimajoto weka humo, usipokuwa nacho sio tatizo. Vipovu vidogo vitaanza kujikusanya kwenye kuta za sufuria, maji yataanza kuimba, na kabla hayajachemka kabisa utaona ule mlango unajisogeza polepole, kwanza kaufa kembamba kama ukucha halafu unapanuka mpaka unaweza kupitisha penseli. Ukiitoa nje unaona unarudi. Kama maji yanatokota na mlango haujanyanyuka hata kidogo umeshampata mchawi wako. Na hata mpya kabla ya kuifunga mi huwa naipima hivyo hivyo, nimeshakutana na mpya bovu.

Hapa naomba niseme neno kuhusu ile tabia ya kutoa themostati na kuitupa ati gari isichemshe. Imeenea kweli kweli na mafundi wengi wanaifanya kwa nia njema. Kwanza injini itakuwa inatembea baridi na nimeshaeleza hasara yake. Pili, na hili wengi hawalijui, kwenye injini nyingi themostati ina sahani ya pili kwa nyuma ambayo ikifunguka mlango wa rejeta yenyewe inaziba ile njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, maji mengi yanarudi kwenye pampu bila kupita rejeta, kwa hiyo ile dawa ya kuzuia kuchemsha inageuka kuwa chanzo cha kuchemsha hasa ukiwa mlimani. Gari ikipona baada ya kutolewa themostati maana yake themostati ilikuwa mbovu, au kuna ugonjwa mwingine umefichwa. Weka nyingine.

Kifuniko cha rejeta nacho kinadharauliwa kwa sababu kinafanana na kifuniko. Ni vali mbili ndani ya kitu kimoja. Ile kubwa yenye springi inazuia presha isitoke mpaka ifike kiwango kilichoandikwa juu yake, kwa mfano 0.9 au 1.1, hizo ni bar, kipimo cha presha. Kwa nini tunataka presha? Maji ya kawaida usawa wa bahari yanachemka nyuzi 100, lakini ukiyabana kwa bar moja zaidi ya hewa ya nje yanafika kama nyuzi 120 ndo yachemke. Na kuchemka ndo adui, maana mvuke haubebi joto kama maji, pale mvuke ulipogusa chuma ndani ya hedi pale pamebaki bila kinga hata kama sehemu nyingine maji yapo. Ukipanda milima mirefu presha ya nje inashuka, karibu kila mita 300 unapoteza nyuzi moja, kwenye mita 3000 maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 90, na injini yako inataka kutembea juu ya hapo. Kwa hiyo kifuniko kilichochoka kinaweza kukupa gari ambayo haina shida huku chini, ikipanda huko juu inatapika maji.

Vali ya pili ni ndogo ipo katikati kwa chini, ivute kidogo kwa kucha inatakiwa ishuke na kurudi. Injini ikipoa maji yanasinyaa na kutengeneza mvuto, hiyo vali inafunguka inanyonya yale yaliyokuwa yamekimbilia kwenye chupa ya akiba yarudi. Ikikwama utakuta asubuhi mpira wa juu umebonyea kama umenyonywa, na chupa ya akiba imejaa wakati rejeta ina upungufu. Watu wakiona hivyo wanabadilisha mpira. Badilisha kifuniko, na ununue chenye namba ile ile, kikiwa na presha kubwa zaidi ya ya kiwandani unahamishia mzigo kwenye mipira na yale matanki ya plastiki ya rejeta. Gari nyingine hazina kifuniko kwenye rejeta, kipo kwenye chupa yenyewe ambayo inabanwa na presha pia, kanuni ni moja.

Na usifungue ikiwa ya moto. Najua umeshaambiwa, lakini sababu huenda hujaambiwa. Maji yaliyoko ndani yanaweza kuwa na nyuzi 110 na hayajachemka kwa sababu yamebanwa, sekunde ile unaachia presha yanakuwa yako juu ya joto la kuchemka na sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unasukuma mengine yote nje kwa uso wako. Sio kwamba yanamwagika, yanalipuka. Kitambaa hakisaidii. Subiri mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuungua na ukiuminya uwe mlegevu.

Wota pampu haina mengi. Ni panga linalozungushwa na belti, nyuma yake kuna beringi na sili, na kati yao kiwandani wameacha kitundu kidogo makusudi ili sili ikianza kuchoka maji yatokee hapo yasiingie kwenye beringi. Ukimulika tochi ukaona mchirizi mkavu wa rangi ya kulanti (yale maji ya rangi ya kupozea injini) au chumvichumvi nyeupe chini ya hicho kitundu, pampu inakuaga. Kama pampu yako inazungushwa na timing belti (belti ya ndani inayoendesha vali), siku unabadilisha belti badilisha vyote pamoja maana kazi ya kufungua ni ile ile.

Rejeta yenyewe inaziba kwa njia mbili. Kwa nje ni vumbi, wadudu, majani, na pale katikati ya rejeta na ile kondensa (rejeta ya eisii, yaani kiyoyozi) iliyoko mbele yake kunajaa uchafu ambao ukitazama kwa mbele huuoni kabisa. Osha kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa injini kwenda nje, usitumie mashine ya kuoshea magari kwa karibu, vile vipezi ni laini kama karatasi vikilala upepo haupiti tena. Kwa ndani ni kutu na chokaa kutoka kwenye maji ya bomba. Ya ndani unaweza kuyahisi: injini ikishapasha vizuri, zima, chomoa plagi ya feni, halafu pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuigusa. Joto linatakiwa lipungue taratibu kutoka upande maji yanapoingia kwenda yanapotokea. Ukikuta sehemu ya katikati imepoa ghafla kama kisiwa hapo pameziba.

Feni zipo za namna mbili. Ya umeme inawashwa na sensa au kompyuta kupitia relei (swichi inayoendeshwa na umeme), na ile inayofungwa mbele ya injini ikiwa na kati yake kilachi chenye mafuta mazito ya silikoni, ikipata joto inashika ikipoa inateleza. Ya umeme kuipima kwa gari nyingi washa eisii, feni inatakiwa ianze. Isipoanza angalia fyuzi, halafu relei, halafu mota yenyewe kwa kuipa umeme moja kwa moja kutoka betri. Ya kilachi, zima injini ikiwa ya moto halafu izungushe kwa mkono, inatakiwa iwe nzito kidogo, ikizunguka yenyewe mizunguko mingi kama kichezeo cha mtoto basi silikoni imeshatoka. Tahadhari, feni ya umeme inaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa, vidole viwe mbali, na tai iwe ndani ya shati.

Hapa ndo pana siri moja inayookoa muda na hela kuliko zote. Jiulize gari inachemsha wakati gani. Ikichemsha kwenye foleni na ukipata barabara ya wazi mshale unashuka, shida ni upepo, yani feni au kitu kinachoiwasha, kwa sababu ukiwa kasi upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Ikiwa foleni iko sawa lakini kasi kubwa au mlima ndo inapanda, shida ni mtiririko wa maji, rejeta imeziba, pampu imelika mapanga, themostati inafungua nusu, au mpira wa chini unanyonywa na kubonyea injini ikizunguka sana. Ikichemsha kote kote bila kuchagua, anza na kiwango cha maji halafu ufikirie gasketi. Fundi asiyekuuliza swali hilo kabla ya kushika spana mi simwamini.

Tuje kwenye kulanti. Ile ni glaikoli iliyochanganywa na dawa za kuzuia kutu, na ukiichanganya nusu kwa nusu na maji haigandi mpaka kwenye baridi ya chini ya sifuri nyuzi 37, na inachemka nyuzi kadhaa juu ya maji matupu. Hapo mtu anasema huku kwetu hakuna barafu, maji yanatosha. Ukweli ni kwamba maji matupu kubeba joto yanaishinda kulanti, hilo sibishani nalo. Ila maji matupu yanachemka mapema, yanatia kutu bloku, yanakula alumini ya rejeta, na sili ya pampu inakosa ulainishaji. Kinacholipwa hapo ni zile dawa zaidi ya glaikoli yenyewe. Na zile dawa zinaisha, kulanti inaweza kuonekana safi kwa macho na imeshakufa, ndo maana kitabu cha gari kinatoa miaka au kilomita za kubadilisha, fuata hizo.

Rangi zisikudanganye. Kijani, nyekundu, bluu, pinki, ni rangi tu mtengenezaji ameamua kutia, hakuna sheria ya dunia nzima. Nyekundu ya huyu na nyekundu ya yule zinaweza kuwa na dawa tofauti kabisa, na aina nyingine zikikutana zinatengeneza uji unaoziba vijibomba vya hita na rejeta. Soma aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, sio rangi. Kama ni ile ya kuchanganya mwenyewe tumia maji yaliyochujwa chumvi, yale wanayouza ya betri yanafaa, maji tupu sio asidi. Na usimwage ovyo, glaikoli ni sumu na ina utamu, mbwa au mtoto akiionja ataendelea kuinywa na kiasi kidogo kinatosha kuua figo.

Kubadilisha kulanti ni kazi ya asubuhi moja. Injini ya baridi kabisa, weka beseni chini, fungua kifuniko halafu fungua koki ya chini ya rejeta au chomoa mpira wa chini, ikauke. Washa hita upande wa joto ili tawi lile nalo lifunguke. Kama kilichotoka kina rangi ya kutu, jaza maji masafi, pasha injini mpaka themostati ifungue, poza, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Halafu jaza kulanti polepole, na hapa ndo watu wanaharibu, maana hewa ikibaki ndani inaenda kukaa juu kwenye hedi na unachemsha gari ambayo umetoka kuihudumia leo leo. Pandisha pua ya gari juu kidogo kama una mteremko, fungua kiskrubu cha kutolea hewa kama gari yako inacho, washa injini kifuniko kikiwa wazi na hita iko moto, na uwe unaminya mpira wa juu taratibu. Utaona vipovu vinatoka na kiwango kinashuka, ongeza. Themostati ikifungua kiwango kitashuka kwa mara moja na mpira wa juu utapata moto ghafla, ongeza tena, feni ikiwaka na kuzima mara mbili na hita inatoa hewa ya moto kweli kweli basi funga. Kesho yake asubuhi angalia tena, mara nyingi inakuwa imeshuka kidogo, ongeza hiyo mara moja ya mwisho. Ikishuka tena wiki ijayo, rudi kwenye yale mahali patatu.

Na pa kuogopa ni pale pa kwenye silinda. Gasketi ya hedi ikipasuka kidogo haijitangazi, inaanza kwa maji kupungua bila kuvuja popote, hivyo ndo ilivyokuwa kwangu. Asubuhi injini ikiwa baridi, washa halafu baada ya dakika moja minya mpira wa juu. Maji bado ni ya baridi kwa hiyo hayana sababu ya kuvimba, mpira ukiwa mgumu kama tairi maana yake gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Fungua kifuniko kabla ya kuwasha, washa, tazama, vipovu vinavyotoka mfululizo bila kuisha ni dalili ile ile. Chomoa plagi zote za kuwashia moto kwenye silinda uziweke pamoja, ukikuta moja imesafishika inang'aa wakati wenzake wana rangi ya udongo, hiyo silinda inaoshwa na mvuke. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipasha, wenye harufu ya utamu, huo nao. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa usiwashe tena, vuta. Ila ukikuta ute kidogo wa rangi ya krimu chini ya kifuniko cha oili peke yake na dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ni safi, na we unatembea safari fupi fupi, huo unaweza kuwa unyevu tu. Mafundi wenye vifaa wana dawa ya bluu wanayoipitishia hewa ya kwenye rejeta, ikigeuka njano ni gesi ya injini, ulizia hiyo kabla hujakubali hedi kufunguliwa.

Ikikuchemshia barabarani, mshale ukianza tu kupanda zima eisii, washa hita mwisho kabisa na feni ya ndani mwisho, fungua vioo, utateseka lakini unakuwa umeongeza rejeta ya pili. Tafuta pa kuegesha. Ikiwa mvuke umeshatoka au mshale uko kwenye nyekundu, zima palepale, kila sekunde unayojikokota "nifike tu hapo mbele" ni unene wa hedi unapinda. Kaa, nusu saa kwenda juu, usimwagie injini maji ya baridi kwa nje na usijaze ya baridi ndani ikiwa bado inachoma, chuma cha moto kikipozwa ghafla upande mmoja kinapasuka. Na usiuamini mshale asilimia mia. Gari nyingi za kisasa umepangwa usimame katikati kwa nyuzi nyingi tu ili dereva asihangaike, ukianza kusogea ujue mambo yameshaenda mbali. Mbaya zaidi maji yakiisha kabisa sensa inabaki hewani, mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Hita iliyokuwa ya moto ikianza kupuliza baridi ghafla, hiyo ni habari ya kweli kuliko dashibodi.

Mimi saa hizi nina kalamu ya maka kwenye boksi la spana. Gari ikilala usiku kucha, asubuhi kabla ya kuwasha nachora mstari kwenye chupa ya akiba pale maji yalipofika na naandika tarehe pembeni. Baada ya mwezi narudi natazama. Mstari wa mwisho niliouchora bado ndo huo huo, umeshaanza kufutika.